Mwaka wa Chumba cha Mfano

Mama mkubwa wangu alizikwa Lushoto akiwa amekaribia miaka mia, na siku ya tatu tukamsomea hitima. Wali ulikuwa mzuri, nyama haikufanyiwa ubahili. Nilikuwa nimefika nusu ya sahani pale mzee mmoja wa mtaa, ambaye wakati wa mambo nitakayoyasimulia alikuwa bado ananyonya, aliposimama akashika kipaza sauti na kuanza kutaja sifa za marehemu. Akataja ukarimu wake, akataja sala zake, akataja mkono wake uliokuwa hauui mche. Yote kweli, sina ugomvi nayo. Kisha akasema, "Na tusisahau, ndugu zangu, huyu mama ndiye aliyewafundisha wazazi wetu kupanga chumba cha watoto. Enzi za Mwingereza wanawake walitoka Mlalo, walitoka Gare, wanakuja kwa miguu kutazama chumba chake." Watu wakatikisa vichwa, wengine wakasema mashaallah. Mimi nikaisukuma sahani.

Sikulia siku ile, na walionitazama walidhani ni uzee umenikausha. Haukuwa uzee. Niliudhika. Nina miaka themanini na ushei, magoti yamekwisha, jina la jirani hunipotea nikiwa ninamtazama usoni, lakini hasira ile niliikuta iko nzima, haijapungua hata chembe. Sauda, binti wa marehemu, alikuwa amekaa karibu yangu mkekani. Aliposikia maneno ya yule mzee akanishika mkono, nami nikauondoa. Binti yangu mimi, aliyekuwa upande wa pili akigawa maji, alinikazia macho kuwa niache, msiba ni msiba. Basi niliacha. Nimekuwa nikiacha kwa zaidi ya miaka sitini, na sasa nimechoka kuacha, nimechukua kalamu.

Kwa nini nilikuwa nikiishi kwa mama mkubwa si habari ya leo. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kwamba bendera ya Mwingereza bado ilikuwa ikipandishwa bomani kila asubuhi, na kwamba mimi na Sauda tulikuwa darasa la nne pamoja ingawa nilimzidi mwaka mmoja. Nyumba ilikuwa ya udongo na bati, kwenye mteremko juu ya soko. Chumba cha watoto kilikuwa hatua nne kwa tatu, nazo ni hatua za mtoto. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja cha kamba, kile tulichokiita teremka-tukaze, na tulikilalia watu watatu: mimi na Sauda tukilala mzungu wa nne, miguu yake puani mwangu na yangu puani mwake, na katikati Athumani mdogo wake, wa miaka minne, ambaye hakuwahi kuamka mkavu. Hayo ni ya kitandani. Chini palikuwa na magunia ya viazi na maharage, majembe matatu, kuku mmoja aliyekuwa akiatamia pembeni na hakutaka kusemeshwa, na baiskeli ya baba mkubwa, Mzee Shekiondo, aliyekuwa tarishi wa boma. Baiskeli ile ililala ndani kila siku kwa kuwa ukungu wa Lushoto unatia kutu. Sisi ukungu haukututia kutu, ndiyo maana hakuna aliyetuhangaikia.

Mwanzoni mwa mwaka ule Mwalimu Yohana, Mlutheri wa Mlalo, mtu mrefu mwenye kikohozi, alituita wasichana watano wa darasa la nne mbele ya ubao. Akatuambia kwamba mwisho wa mwaka nafasi ya msichana kwenda shule ya bweni kule Tanga ingekuwa moja. Atakayekwenda ni atakayefaulu mtihani, na pia awe na barua ya mtu wa kuaminika inayoshuhudia kazi zake na tabia yake ya nyumbani. Kisha akaniuliza mimi, kwa sababu daftari langu lilikuwa na madoa, "Rehema, nyumbani unasomea wapi?" Nikamjibu ukweli, "Juu ya gunia, Mwalimu, kama halijapelekwa sokoni." Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Tafuta meza. Hata iwe ndogo kama sinia. Mtu asiye na pa kuweka daftari hana pa kuweka akili." Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani nikiyarudia njia nzima. Nilikuwa sijawahi kutaka kitu. Siku ile nilitaka meza, na pahali pa kuiweka, na mwisho wa mwaka nishuke Tanga.

Tatizo halikuwa meza. Kwenye duka la Mhindi palitupwa makasha ya mbao yaliyokuja na mafuta ya taa, kila kasha limebeba madebe mawili, na ukilisimamisha wima una meza na rafu kwa pamoja. Tatizo ni kwamba ndani ya chumba kile hata sinia lisingepata pa kukaa. Nililifikiria jambo hilo wiki nzima nikiwa jikoni, na jawabu lilikuwa juu ya kichwa changu muda wote. Kila jiko la Kishambaa lina kichanja juu ya mafiga, miti minne na fito, na mbegu za mahindi zinakaa huko zikipigwa na moshi, hazimzuii mtu kupita. Nikatazama nyumba nzima kwa macho mapya. Mbegu juu, kibuyu cha samli juu, asali juu. Kila kilichokuwa na thamani kwetu hakikukaa chini. Tuliokaa chini ni watoto.

Likizo ya masika, siku ambazo mvua haikuacha mtu kwenda shambani, nikamwomba baba mkubwa miti ya mkaratusi iliyobaki alipotengeneza zizi la mbuzi ndani ya jiko. Akanipa, akasema nisimkate mtu mguu. Nikachimba mashimo manne kwenye sakafu ya udongo, nikasimamisha miti kama ya kichanja, na kitanda chetu kikapanda hadi usawa wa kifua changu. Mama mkubwa alipita mlangoni na ungo wake akacheka sana. "Mndee," akaniita, yaani msichana kwetu, "umetugeuza mahindi?" Sauda alinishikia miti pale alipokumbuka. Chini ya kitanda nikamwekea Athumani chaga fupi ya fito, ya kuvutwa jioni na kusukumwa asubuhi, na chini ya mkeka wake nikatandika majani makavu ya mgomba niliyoyabadilisha kila siku, hivyo mkojo wake ukabaki ni shauri lake na migomba. Majembe nikayapachika ukutani kwa vigingi. Nguo nikazitundika kwenye ufito uliopita kutoka pembe hadi pembe. Magunia nikayapanga kichwani mwa kitanda, chini yake. Kuku nikampa tenga lake, likaning'inia. Baiskeli ilinipa kazi: ilibidi nisokote kamba mbili za katani, nizipitishe juu ya boriti, ndipo tukaivuta mimi na baba mkubwa mwenyewe, akiguna, hadi ikatulia juu ya vichwa vyetu. Viganja vyangu viliota malengelenge yaliyopasuka yakaota tena. Na siku ya sita, chini ya dirisha, pakatokea nafasi. Nafasi tupu, ya upana wa mikono yangu miwili. Nikasimamisha kasha hapo, nikaweka daftari, nikaketi juu ya kinu kilichopasuka. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia wenyewe.

Nilisoma hapo siku tisa. Najua ni tisa kwa sababu nilikuwa nikichora kijiti kimoja kimoja kwenye ubao wa kasha. Siku ya kumi nilitoka shule nikakuta charahani imewekwa juu ya meza yangu na kapu la mtu wa sokoni limekaa chini yake. Mama mkubwa alisema kwa uso mkavu kabisa, "Mbona palikuwa pameachwa nafasi?" Nikaipandisha charahani kwenye rafu niliyoitengeneza kwa ajili hiyo, kapu nikalivuta juu kwa kamba, nafasi ikarudi. Baada ya wiki akaleta mtungi. Nikaupatia kona. Akaleta tenga la peasi la shoga yake wa Gare. Nikalitundika. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba katika nyumba ile nafasi haikuwa ya aliyeitafuta, ilikuwa ya mtu mzima wa kwanza kuiona. Hata hivyo kila mara niliikomboa, na chumba kikazidi kuwa safi na cha ajabu kwa sababu ya ugomvi ule, hadi majirani wakaanza kuchungulia. Kuchungulia kwao ndiko kulikoniponza.

Siku hizo palikuwa na Mzungu mmoja mwanamke aliyefundisha klabu ya akina mama karibu na boma, kushona, kuosha watoto, kupika uji wenye yai. Wanawake walimwita Bibi Maendeleo. Alisikia habari za chumba, akaja Jumatano moja na viatu vyake vyenye matope. Sisi watoto tukamwamkia shikamoo. Akatujibu "Jambo!" kwa furaha kubwa, maana hakuna aliyekuwa amemfundisha. Akaingia, akainama chini ya baiskeli, akavuta chaga ya Athumani, akaisukuma, akaivuta tena. Akapiga makofi. "Mzuri sana! Nani nafanya kazi hii?"

Mama mkubwa hakupepesa jicho. "Ni mimi, memsahib," akasema. "Na huyu binti yangu Sauda, nimemfundisha." Akamsogeza Sauda mbele kwa kumshika bega.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nataka wajukuu zangu wanaosoma haya waelewe, kwa sababu wao husema bibi, si ungesema tu. Kusema kwa nani? Mtoto wa wakati ule hakumkanusha mkubwa wake mbele ya mgeni, tena mgeni wa boma. Angesema, angeambiwa ana wazimu, na kesho yake angekuwa amerudishwa alikotoka na kifurushi chake. Nikamtazama Sauda. Sauda akatazama vidole vyake vya miguu. Bibi Maendeleo akaandika jina la Sauda katika kitabu chake kidogo, akamshika kidevu.

Jioni ile nilikuwa nje nikichambua maharage chini ya ukuta wa chumba chao wakubwa, na ukuta wa udongo hausitiri maneno. Mama mkubwa alikuwa akimweleza mumewe kwamba kila Jumatano wataletwa wanawake kutoka vijijini kutazama, na kwamba Bibi Maendeleo amekiita chumba cha mfano. Kwa hiyo ni lazima kikae vilevile. "Chumba cha mfano hakilaliwi," akasema.

"Na watoto?" akauliza baba mkubwa.

"Jikoni kuna joto. Wewe mwenyewe ulikulia na mbuzi, umekufa?"

Nikasikia baba mkubwa akiinuka kitandani. Nikamshukuru Mungu, nikadhani anatutetea. Kisha akauliza, "Na baiskeli yangu?"

"Baiskeli ibaki. Memsahib ameipenda."

Basi kuanzia wiki ile baiskeli ililala chumbani na sisi tukalala jikoni. Sitii chumvi. Kuku naye alibaki, kwa sababu tenga lake lilionekana zuri. Juu ya meza yangu mama mkubwa alitandika kitambaa alichokitarizi klabuni, maua mekundu na majani ya kijani, na juu ya kitambaa akaweka glasi yenye maua. Madaftari yangu niliyakuta juu ya kuni.

Wageni walikuja kweli. Jumatano baada ya Jumatano walipanda ule mteremko, kina mama wa Kiislamu na kanga zao, Walutheri wa Mlalo na vilemba vyeupe, watoto migongoni, na mama mkubwa alisimama katikati ya chumba akiwaonyesha kwa ufito. Alikuwa amejifunza kusema "utaratibu" na "hewa safi". Mimi nilichemsha chai. Nilisikia kila neno kupitia mlango wa jikoni, nilisikia mashimo yangu, kamba zangu, majani yangu ya mgomba yakielezwa na mtu ambaye hakuwahi kushika jembe ndani ya chumba kile. Alikosea hata sababu ya majani. Alisema ni ya kufukuza viroboto.

Mgeni mmoja tu ndiye niliyempenda. Alikuwa bibi wa Mlalo, mfupi, ana fimbo na shuka mbili. Wenzake walipokuwa wakisifu, yeye aliinama akavuta chaga, akaukaribia mkeka kwa pua. "Mtoto wa chini hapa ana miaka mingapi?" akauliza.

"Minne, mama," akasema mama mkubwa.

"Na analala hapa?"

"Hapa hapa."

"Basi huyo ni malaika," akasema bibi. "Wa kwangu wote walinuka." Wanawake wakaangua kicheko, mama mkubwa akacheka pia, kicheko kifupi. Wakati wa kutoka yule bibi alipita jikoni kwa makusudi, akijidai anatafuta maji. Akaiona mikeka yetu imekunjwa karibu na mbuzi, akaliona daftari juu ya kuni, akaniona mimi na macho yangu mekundu ya moshi. "Nyumba njema si mlango," akasema peke yake, akanirudishia kata ya maji, akanambia "Hongea, mndee," asante ya kwetu, akaenda zake. Alijua yote, na hakuwa na la kufanya. Lakini alinitazama.

Miezi ya baridi ilipofika, ukungu ulikuwa ukishuka saa tisa mchana na haukuondoka hadi saa nne ya siku ya pili. Jikoni kulikuwa na joto, ndiyo, mama mkubwa hakusema uongo, ila lilikuwa joto lenye moshi. Nilisoma nimelala kifudifudi ili moshi upite juu yangu. Athumani alikuwa akiniegemea na kikohozi chake, na mara hii hapakuwa na majani ya mgomba, kwa hiyo mkojo wake tuligawana sote. Siku moja mbuzi alikula ukurasa wangu wa hesabu za visehemu. Sauda alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi, Mungu anisamehe, nilimpiga kofi. Yeye pia alikuwa akilala jikoni. Yeye pia macho yalimwasha. Lakini wakati mimi nikiamka kabla ya adhana kusoma kwa mwanga wa makaa, yeye aliuvuta mkeka wangu akajifunika.

Nilikwenda kuomba. Sikuomba chumba, niliomba meza. Mama mkubwa alikuwa akipepeta mchele.

"Mama mkubwa, naomba nisomee pale dirishani. Asubuhi tu, kabla ya shule. Nitakirudisha kitambaa kama kilivyokuwa."

"Utamwaga wino."

"Sina wino, nina kalamu ya risasi."

"Basi utaacha taka za kuchongea. Rehema, wageni wanaitazama sana meza ile."

"Meza ni yangu," nikasema. Lilinitoka.

Akaacha kupepeta. Hakukasirika, na hilo ndilo nililoshindwa kulisamehe, alisema kwa upole kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Ya nani? Hebu niambie, mwanangu. Katika nyumba hii ulikuja na nini?"

Nilikuja na kifurushi cha kanga moja, naye alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekifungua. Nikarudi jikoni. Siku ile sikusoma.

Pale kwenye hitima, watu walipoanza kuondoka, Sauda aliniambia polepole, "Dada, ningesema nini? Nilikuwa mtoto." Sauda ni muuguzi mstaafu, ameheshimika nchi nzima, ana nyumba Tanga yenye vyumba vitano na wajukuu waliosoma hadi ng'ambo. Nikamuuliza, "Na mimi nilikuwa nani?" Akatafuta viatu vyake. Nampenda Sauda, tumezikana watu wengi mimi na yeye, lakini kuna watu wanaodhani kwamba kosa la kunyamaza huzeeka likafa lenyewe. Halifi. Alipopanda gari alinipungia mkono, nami nikampungia, na hasira ilibaki nami barazani.

Mtihani tuliufanya mwishoni mwa mwaka, madawati yametenganishwa, Mwalimu Yohana akipita katikati akikohoa. Swali la visehemu lilikuwepo. Nililifanya kwa kukumbuka ule ukurasa ulioliwa, mstari kwa mstari, na nikajua nimelipata. Nilitoka pale nikiwa na furaha ya kijinga. Nilidhani moshi, mbuzi na kila kitu nimevishinda.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Mwalimu Yohana hakuyasoma mbele ya darasa. Aliniita nje, chini ya ukuta wa shule, akavua kofia yake, jambo ambalo mwalimu hamfanyii mtoto, nami nikaogopa. "Umefaulu," akasema. "Alama zako ziko juu ya za wasichana wote, na za wavulana wengi." Kisha akasema, "Anayekwenda Tanga ni Sauda."

Nikamuuliza kwa nini.

"Naye amefaulu. Alama ni zako, lakini barua yenye uzito ni yake. Bibi wa klabu ameandika kwamba msichana huyu ndiye aliyepanga chumba cha mfano, na kwamba shule inahitaji wasichana wenye akili ya namna hiyo." Akanitazama. "Rehema. Ni nani aliyekipanga chumba kile?"

"Mimi, Mwalimu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mbele ya nani?"

Akavaa kofia. Namheshimu hadi leo, kwa sababu mchana uleule alikwenda bomani kwa miguu, katika mvua. Aliporudi alikuwa amelowa hadi mifupani na uso wake ulikuwa umefungwa. Aliambiwa majina yamekwisha kupelekwa Tanga, na kwamba mwalimu wa darasa la nne asijishughulishe na mambo ya nyumba za watu. Baba mkubwa alikuwapo pale pale bomani, amesimama mlangoni na sare yake, akasikia yote. Akamfungulia mlango atoke.

Kwa hiyo, nalisema wazi mara moja: nilikipanga chumba ili nipate pa kusomea, na chumba ndicho kilichoninyang'anya shule. Kama ningekuwa mvivu, kama ningeuacha uchafu wetu ulale ulivyolala, mimi ningekwenda. Nimelifikiria hili nikiwa msichana, nikiwa mke, nikiwa mjane, na kila nikilifikiria naona moto.

Sauda aliondoka Januari kwa lori la kushuka Mombo, na sanduku jipya la bati. Mama mkubwa alilia machozi ya furaha. Baada ya lori kupinda kona alinigeukia, akaniweka mkono begani, akaniambia maneno ambayo kwake yalikuwa zawadi. "Sasa nafasi imepatikana. Siku zisizo na wageni unaweza kulala chumbani." Nami nikaingia. Nikakiondoa kitambaa, nikaketi kwenye kinu, nikaweka viganja vyangu juu ya kasha. Dirisha lilikuwa wazi, chini kule soko lilikuwa linavuma, ndani palikuwa kimya kabisa. Athumani alikuwa nje akicheza. Nilikuwa na meza, mwanga na chumba kizima, na hapakuwa na kitu duniani cha kusomea. Nilikaa hapo mpaka mama mkubwa akaniita kwamba kesho ni Jumatano, nifute vumbi.

Kesho yake mvua ilikuwa imelowesha kuni zote. Wageni walikuwa wengi, kumi na kitu, na chai ilitakiwa. Niliingia chumbani nikiwa na shoka. Sikuwa na hasira wakati ule, nakumbuka vizuri, nilikuwa nimetulia kama mtu anayekwenda kuchota maji. Glasi ya maua niliiweka sakafuni, kitambaa nikakikunja vizuri nikakiweka kitandani, kasha nikalitoa nje nikalipasua. Mbao zake zilikuwa kavu, zina mafuta ya taa bado ndani yake, sufuria ilichemka kabla sijamaliza kuosha vikombe.

Wakaingia. Mama mkubwa akaanza na kitanda, akaja kwenye vigingi, akaeleza baiskeli, akaeleza majani na viroboto. Kisha akageuka kuelekea dirishani, ufito umenyanyuka, na sauti ikamkatika. Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Mama mmoja kijana wa Gare, mtoto mgongoni, hakuelewa ukimya ule. Akapaonyesha kwa kidole, kwa heshima, kama mtu aliyetoka mbali na hataki kukosa somo.

"Na hapa dirishani, mama? Naona pameachwa nafasi. Panakaa nini?"

Mama mkubwa akanitazama. Wote wakanitazama. Nikaliweka sinia chini, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nikajibu kabla ya mkubwa wangu.

"Hapo," nikasema, "nilikuwa nikae mimi."